Nimefika, Dada

Mimi ni mtu wa kulala mapema, na si kwa sababu ya afya. Napika chapati na maharagwe Laini Saba, kando ya reli, na watu wa mjengo, vibarua wa kujenga nyumba, hupita pale kabla jua halijatoka. Wanataka chai moto na chapati mbili, hawataki maelezo. Asiyeamka usiku kukanda unga atawauzia nini? Jioni nikirudi kwangu, mtaa wa Raila, mabega yananiuma hadi kuvua sweta ni kazi. Napika chochote, nakula huku nasinzia, naanguka. Watu husema uchovu huzoeleka. Mimi bado nangoja kuuzoea.

Hata hivyo, kwa muda mrefu sikuweza kulala kabla simu yangu haijatetemeka. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, anaishi mtaa wa Kongo, kule Kawangware. Kazi yake iko Lavington, kwa mzee mmoja aliyepooza. Anamwosha, anamlisha, anamgeuza kitandani asije akatoka vidonda. Akiachiliwa, giza limeshaingia, na hurudi kwake kwa miguu. Si mbali, ila kuna kipande cha njia kando ya ukuta mrefu, hakina taa, na watu wameshapigwa ngeta hapo, wakakabwa shingo na kuachwa bila viatu. Alipohamia Nairobi, mama alinipigia kutoka nyumbani, Magharibi, akaniambia, "Huyo sasa ni mtoto wako." Akakata. Mama hapotezi maneno, wala kredo ya simu.

Kwa hiyo nikampa sharti. Kwetu mgeni hasindikizwi bila kuambiwa, ukifika utuambie, hata kama alikuja kunywa chai tu na anakaa mtaa wa pili. Mimi nilitaka kuambiwa kila siku. Mwanzoni ilikuwa vita. Leo anaandika mapema, kesho anachelewa, keshokutwa anasahau kabisa. Mimi nami sikuwa na subira. Akichelewa kidogo napiga, asipopokea napiga tena, mpaka apokee akiwa anahema, na mimi nianze kugomba kabla hata ya salamu.

Halafu akapata simu nzuri kidogo, ile ya kupangusa kwa kidole, na mambo yakatulia. Kila jioni saa mbili na nusu, isipokuwa Jumapili, siku ambayo haendi kazini, ujumbe ulikuwa umeingia kwenye kabambe yangu, simu ya vibonye. "Nimefika dada. Nalala." Siku nyingine, "Nimefika salama, mzee leo alinisumbua, nimechoka." Nilijibu "Asante Mungu", nikageukia ukuta, na usingizi ukanichukua hapo hapo. Nilimsifu mpaka jirani yangu wa mboga akachoka kunisikia. Nilimwambia hakuna msichana mwenye adabu kama wangu, angekuwa treni ningerekebisha saa yangu kila anapopita. Jirani akanijibu kwamba treni ya hapa hata yenyewe haijui itapita saa ngapi.

Jambo moja tu lilinishangaza kidogo. Siku moja aliandika, "Nimefika dada, mvua imeninyeshea." Na Raila kulikuwa kukavu, vumbi tupu. Nikasema, aa, Kawangware ni Kawangware, mvua ya Nairobi hunyesha upande mmoja wa barabara. Nikalala.

Basi Alhamisi moja nikamwona amesimama mbele ya karai langu la chapati, mchana, na begi begani. Mzee alikuwa amepelekwa kliniki na watoto wake, naye akaachiliwa mapema. Alikuwa amekonda. Nilifurahi, na nilipofurahi nikagomba, kwa nini hukusema unakuja, ningenunua nyama. Tulifunga kibanda pamoja, tukarudi kwangu, nikasonga ugali, nikakaanga dagaa wa omena na mboga ya sukuma. Tulikuwa tumekaa tunakula, magoti yanagusana kwa sababu nyumba yenyewe ni hiyo moja, simu yangu ikiwa juu ya stuli katikati yetu. Ikatetemeka.

Nilifuta mkono kwenye leso, nikaichukua. Nikasoma. Nikaangalia jina la aliyetuma, nikasoma tena. Kisha nikamsomea kwa sauti.

"Nimefika dada. Leo nimechoka sana. Usiku mwema."

Tonge lilikuwa limefika karibu na mdomo wake, likabaki hapo. Simu yake yeye ilikuwa ndani ya begi, na begi limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Nani amefika?" nikamuuliza.

Akacheka, kicheko cha mtu aliyenaswa. Akaona mimi sicheki.

"Aki dada, pole. Nilisahau kuicancel."

"Kucancel nini?"

"Hiyo meseji. Niliiset. Unaandika, unafinya hapo kwa kutuma bila kuachilia, inakuuliza itume saa ngapi. Unaiambia. Ikifika saa, inajituma yenyewe."

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Nilimwambia anyamaze kwanza, halafu nikamwambia anieleze yote. Akaeleza. Kila Jumapili baada ya kanisa anaketi kitandani na kuandika jumbe za wiki nzima, Jumatatu mpaka Jumamosi, na kila moja anaipa maneno yake ili nisishuku. Ile ya mvua aliiandika Jumapili ya mawingu, akidhani itanyesha. Na ile iliyokuwa mkononi mwangu aliiandika akijua tu kwamba ifikapo Alhamisi atakuwa amechoka sana.

"Na kweli nimechoka," akasema. "Hapo sikudanganya."

Niliwaka moto. Nilimuuliza kama mimi ni mtoto wa kubembelezwa na mashine. Nilimuuliza, "Na wakikuibia hiyo simu pale kwa ukuta? Mwizi ndiye ataniambia umefika salama? Aniambie usiku mwema?"

Aliweka tonge chini. Aliponena hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyonichoma.

"Dada, ile time ulikuwa unanipigia, nilikuwa wapi? Hapo kwa ukuta. Simu inalia, inawaka, kila mtu anaona kuna msichana na simu. Nisiposhika unapiga tena. Nikishika unanigombeza. Siku moja jamaa wawili walivuka wakakuja upande wangu juu ya hiyo mwangaza. Nilikimbia mpaka nikaacha sandali moja. Wewe ulikuwa bado unapiga."

Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Alisema aliona njia moja tu, kuhakikisha sina sababu ya kupiga. Akifika kweli hawezi hata kuandika, anaanguka kitandani na nguo za kazi. Na mimi je, si nilikuwa nimemwambia mwenyewe kwamba silali mpaka ujumbe uje? Basi alinitumia usingizi. Ndivyo alivyosema, nakutumia usingizi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuwa nimemtwika wangu miaka hiyo yote nikidhani ninambebea wake.

Hapo ndipo swali lilinijia, na laiti ningelimeza pamoja na omena. Ilikuwepo siku moja ya maandamano. Barabara zilikuwa zimefungwa, matairi yanachomwa, nami nilifunga kibanda kabla ya chapati kuisha. Moshi wa vitoa machozi uliingia mpaka Raila, tukajifunika nyuso kwa leso zilizoloweshwa maji. Nilimpigia siku hiyo mpaka kidole kikaniuma, hapokei. Kisha saa mbili na nusu ikafika: "Nimefika dada. Nimekula. Lala." Nilipiga magoti kwenye sakafu, nikamshukuru Mungu kwa sauti hadi majirani wakasikia. Nikampigia mama nyumbani kumwambia asiwe na wasiwasi, mtoto amefika. Kisha nikalala vizuri kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka ule.

"Ile siku ya maandamano," nikasema. "Ulikuwa umefika?"

Akatazama sahani.

"La."

Alikuwa kwenye kibanda cha mitumba, kando ya barabara. Mwenye kibanda aliwavuta ndani yeye na akina mama wengine, akafunga kwa ndani, wakalala chini kati ya marobota ya nguo wakisikia watu wakikimbia na milio nje. Simu aliinyamazisha na kuifunika kwa sweta ili isiwake. Walibaki humo mpaka asubuhi. Saa mbili na nusu alihisi simu ikitetemeka kidogo chini ya sweta, akajua ujumbe umeenda.

"Ningekuambia ungefanya nini?" akauliza. "Ungetoka na miguu uje. Nakujua. Nikasema basi, angalau mmoja wetu amelala."

Nililia. Sikulia kwa huruma peke yake, nililia kwa hasira pia, na kwa aibu ya vile nililala vizuri. Na nilikuwa nimechoka. Yeye naye hakulia, alikunja miguu na kuegemea ukuta, na nikaona kwamba sisi wawili hatuna nguvu ya kugombana hata kwa saa moja. Nikamwondolea sahani. Nikamwambia:

"Usiniandikie tena kwamba umefika. Niandikie kama hujafika. Basi."

"Na nikishindwa kuandika?"

Nikageukia sahani, nikaziosha. Alilala kwangu, asubuhi nikamwamsha na chai akaenda moja kwa moja kazini.

Wiki zilizofuata nilizichukia. Jioni ilikuja, saa ile ikapita, na simu ikakaa kimya juu ya stuli. Kimya kilikuwa ndiyo habari njema, lakini habari njema ya aina hiyo hailazi mtu. Mara kadhaa nilishika simu nimpigie, nikakumbuka ukuta, nikaiweka. Nilikuwa nakanda unga na macho mekundu. Jirani wa mboga aliniuliza kama nimeanza kunywa. Nilitamani ule uongo urudi, nasema kweli. Nilitamani hata ule wa mvua.

Kisha jioni moja, nikiwa nimeshajifunika, ikatetemeka.

"Dada sijafika."

Nilikaa wima. Sikupiga. Niliandika kwa kidole kimoja, polepole, "Uko wapi?" Akajibu yuko dukani, kabla ya ule ukuta, kuna vijana wamesimama pale mbele na hapendi vile wamesimama. Anangoja akina mama wa kampuni ya usafi watoke, apite nao. Nikaandika, "Ngoja. Niko macho." Akaandika, "Najua."

Niliwasha taa, nikaketi kitandani na leso mabegani. Sikuwa na la kufanya. Kutoka Raila mpaka Kongo ni kama nchi mbili ukiwa na miguu yangu, na yeye alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Lakini jioni ile nilijua alipo, kweli kweli, na alijua kwamba najua. Niliogopa kuliko zamani, lakini woga ule nisingeubadilisha kwa usingizi wowote.

Hakuandika kwamba amefika. Alipiga. Nilipopokea alikuwa anahema tu, na nikasikia funguo zikigonga kufuli, kisha mlango wa mabati ukikwaruza sakafu, mara ya kwanza ukifunguka, mara ya pili ukifungwa. Nikasikia komeo. Nikasikia kitanda kikilia alipokiangukia.

"Uko?" nikauliza.

"Niko."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia, na ya kumgombeza pia. Kabla sijapata la kwanza alikuwa ameshalala, simu ikiwa sikioni. Nilimsikiliza akikoroma mpaka kredo yake ikaisha.