Tulivyovuka Kwenda Kumchukua Akoth

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile Sista Gaudensia, mwalimu mkuu wetu, alipoingia darasani baada ya misa, akasema kabla hata hatujaketi: "Matanga ya baba yake Akoth yamekwisha. Kesho tunaenda kisiwani Takawiri kumchukua mwenzetu." Nilikuwa kidato cha pili, shule ya wasichana ya Kikatoliki upande wa Migori, miaka hiyo ya tisini, wewe bado hujazaliwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu. Msichana akifiwa, kitanda chake kilitandikwa kila asubuhi, na kiti chake darasani hakuna aliyekikalia. Matanga yakiisha, wanaolala naye chumba kimoja walikwenda kumleta. Shule nyingine zilijivunia vikombe vya mpira. Sisi tulijivunia hilo.

Sasa mimi kwetu ni Ntimaru, unapajua. Nimekulia kwenye mahindi na ng'ombe. Maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya mto uliofurika. Nikamfuata Sista nje, nikamwomba aniache, kwa sababu ziwa naliogopa.

"Boke, hata mimi sijui kuogelea," akaniambia. "Na sikukuuliza kama unaogopa. Wewe ndiye unayelala kitanda cha juu, yeye cha chini. Akituona tunashuka, na wewe hupo, atafikiri nini?"

Nikaenda kupiga pasi sare yangu.

Lori ya shule ilitufikisha Mbita, tukaingia motaboti. Nilishika ubao kwa mikono miwili nikisali Salamu Maria, mpaka mwenzangu akaniomba nipunguze sauti.

Tulimkuta Akoth nyuma ya nyumba ya bibi yake, anasugua sufuria, mdogo wake amefungwa mgongoni. Alipotuona alitabasamu, halafu akainamisha kichwa. Ami yake, ndugu wa marehemu, alitupokea vizuri, akatuletea viti, chai na samaki. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu, usimchukie. Tulipomaliza kusali akasema, "Sista, asanteni kwa kuja. Lakini huyu harudi. Mama yake amelazwa hospitali Homa Bay. Hawa wadogo zake nani atawaangalia?"

"Mwulize mwenyewe," Sista akasema.

Akoth hakuinua macho. "Nitabaki," akajibu.

Nilimtazama Sista nikitumaini atasema neno. Yeye akanitazama mimi. Basi nikasimama.

"Baba, kitanda chake tunakitandika kila siku. Hatukuja kusalimia, tumekuja kumchukua. Kama haiwezekani sasa hivi, tutangoja."

Akacheka. "Mtangoja wapi?"

"Hapa hapa."

Mwenye boti alituita, hakuna aliyeinuka. Akaita tena. Nikaenda nikamtoa Akoth sufuria mkononi, nikaanza kusugua. Mwingine akambeba mtoto, wengine wakachukua ndoo wakaenda ziwani kuteka maji. Sista akakunja mikono ya kanzu yake akachambua mboga.

Bibi yake Akoth, ambaye wote walimwita Dani, alikuwa ameketi mlangoni akitutazama. Ndipo akamgeukia mwanawe, akasema kwa Kijaluo, na mmoja wetu, msichana wa Homa Bay, akanitafsiria sikioni: "Watoto wa watu wamevuka maji kuja kuosha vyombo vyangu, na wewe unaniambia hakuna wa kusaidia? Hawa wadogo nitakaa nao mimi. Mke wako atanichotea maji. Mtoto aende."

Ami akaitikia kwa kichwa. "Sawa, mama. Lakini kila likizo aje hapa."

"Nitamleta mimi mwenyewe," Sista akasema.

Hapo ndipo Akoth alipolia, kilio cha sauti, kama mtu aliyekizuia tangu mazishi. Tukamwacha alie, halafu tukamsaidia kufunga nguo zake.

Mama yake hakupona. Tulipokuwa kidato cha tatu tulivuka tena kumchukua, na mimi bado naogopa vilevile. Lakini Akoth alimaliza shule. Leo anafundisha katika shule ya Kisegi, na wale wadogo ni yeye aliyewasomesha.

Sasa wewe unafunga sanduku lako kwenda bweni, nisikilize. Mwenzako akipatwa na jambo, usimtumie salamu kama unaweza kwenda. Usikae kungoja mpaka woga uishe, kwa sababu huenda usiishe, nenda nao. Anayesema "nitabaki" mtazame usoni kabla hujamwamini. Ukifika, usihubiri, tafuta kazi iliyopo uishike. Na ikiwa siku moja wewe ndiye utakayefiwa, usione haya wenzako wakija kukuchukua. Inuka uende nao.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie marafiki wasiohesabu umbali, na wewe akufanye mmoja wao.