Mahari ya Kuku Mmoja

Mama alikuwa amekataa katakata. Kuimba kwaya, sawa. Ibada ya vijana, sawa. Lakini kusimama mbele za watu na kusema lolote linalonijia kichwani, tena kusafiri hadi Mbarara kwa ajili hiyo? Hapana. Nikanuna. Mimi nikinuna, hata sufuria nyumbani zinajua.

Kabla ya onyesho la Mbarara, kikundi chetu cha maigizo kilicheza kambini kwetu Kashojwa, uwanjani nyuma ya kanisa, naye Mama akaja kunichunga. Mchezo wetu hauandikwi. Watazamaji wanataja jambo, nasi tunaanza papo hapo. Sheria ni moja: mwenzako akileta kitu, kipokee, kisha uongeze chako. Utamu ndio huo, na hofu ndiyo hiyo hiyo, maana kuna siku akili inagoma na unabaki umetoa macho.

Siku hiyo walipaza sauti: "Mahari!" Mimi nikawa bibi harusi. Kijana aliyecheza baba yangu ndiye aliyegomewa na akili. Wajumbe wa bwana harusi walipotania, "Tumeleta kuku moya," yeye akashika sheria bila kufikiri, akajibu, "Tumepokea."

Nikamwona Mama anainuka. Kwetu msichana hatolewi hivyo, hata kwa mchezo. Akakaza kitenge chake, akaingia katikati yetu.

"Kuku moya? Huyu mutoto nilimubeba ku mugongo mpaka huku, leo munamupeleka na kuku moya?"

Nilijua Mbarara imekwisha. Lakini sheria ni sheria, na Mama alikuwa ameleta kitu. Nikapiga magoti: "Mama, huyo kuku anataga kila siku."

"Nyamaza! Bibi harusi hasemake!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na kuanzia hapo hakuna aliyemweza. Aliwarudisha wajumbe nje wapige hodi upya, akawakalisha chini, akadai ng'ombe, akadai na blanketi la nyanya yangu. "Baba" akabaki kumshikia mkoba. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikampenda kuliko siku zote.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani, Mama alitangulia. Nikajikaza, nikamuuliza kama ataniruhusu kwenda Mbarara.

Akakaza kitenge chake, akasema, "Na miye kule nitavala kitenge gani?"