Grafu ya Safari ya Kabula

Nilikwenda Mwandoya kwa sababu ya hesabu niliyoifanya mwenyewe. Dada yangu Kabula alifariki akipelekwa Bariadi kwa pikipiki kujifungua mtoto wa tatu. Kwa kuwa nafundisha fizikia, baba aliniuliza mumewe, Masunga wa Mwandoya, alimwendesha kwa mwendo gani. Niligawanya umbali kwa muda.

"Ni mwendo wa baiskeli," nilisema.

Baba akaamini Masunga alizembea. Akanituma nikamwambie asikanyage tena kwetu.

Asubuhi niliondoka Bariadi kwa pikipiki. Baada ya Kisesa pamba ilikuwa imepasuka pande zote mbili za barabara. Nilivuka mto uliokauka, mchanga mtupu, bila hata kupunguza mwendo.

Mchana nilifika Mwandoya. Masunga alikuwa akinywesha ng'ombe.

"Mwadila, shemeji," alinisalimu, akanipa kigoda.

Ujumbe wa baba sikuutoa kwanza. Nilimwomba anisimulie siku ile, nikawa nachora grafu daftarini: muda chini, umbali pembeni.

"Mliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Saa moja tuko mtoni. Ulikuwa umefurika."

"Mkavuka saa ngapi?"

"Saa tano na nusu." Alitazama ng'ombe wake. "Bariadi tuliingia saa saba kasoro. Alikuwa ameshanyamaza mgongoni kwangu."

Mstari ulipanda, ukalala muda mrefu, kisha ukapanda tena kwa mwinuko mkali. Palipopitika, Masunga alikimbiza pikipiki kuliko nilivyothubutu mimi asubuhi ile kwenye barabara kavu.

Alasiri, nikirudi, nilisimama mtoni kwa mama anayeuza viazi vitamu. Aliwakumbuka.

"Yule baba alijaribu kuingia majini mara mbili, tukamzuia. Mkewe alilala hapa, mumewe kamshika mkono."

Jioni nilimfungulia baba daftari.

"Nilikosea, baba. Nilichanganya kusubiri na kwenda, nikakupa namba moja."

Aliweka kidole kwenye mstari uliolala. "Hapa ni wapi?"

"Mtoni. Muda ulikwenda, wao wamesimama."

"Hapa alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Masunga alikuwa amemshika mkono."

Kidole kilikaa pale muda mrefu. "Mpigie," alisema. "Aje na wajukuu zangu."

Siku hizi siandiki mwendo wa wastani ubaoni kabla wanafunzi hawajaniambia chombo kilisimama wapi.

Masunga alikuja Jumapili. Baba alimwomba radhi mbele ya watoto. Kisha nikasimama mimi, nikamweleza ile namba ilitoka kwa nani.