Michungwa ya Mke wa Fundi Geti

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Fundi Geti, kwa kuwa mageti mengi ya pale alichomelea yeye, na hata lililogoma kufunga alilitetea: "Geti halina kosa, ukuta ndio umehama."

Mkewe alipofariki, alibaki na binti yao, karakana mbele ya nyumba, na michungwa nyuma. Michungwa hiyo marehemu ndiye aliyeipanda na kuibebesha, yaani kuipandikizia vikonyo vya mti wa kwao alikozaliwa. Mti ule ulishakatwa kupisha barabara. Machungwa yake yalikuwa na ganda jembamba na utamu wenye ukali kidogo, na Fundi hakuwahi kuonja mengine ya namna ile.

Kisha ukaingia ugonjwa wa michungwa, usio na dawa. Serikali ikaleta mpango: ng'oa miti iliyougua, upewe bure miche safi, iliyokuzwa ndani ya nyumba ya wavu ambamo kidudu kinachoeneza ugonjwa hakipenyi. Fremu na milango ya nyumba hiyo akapewa Fundi.

Aliifanya kwa moyo wote. Milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine, ili wa pili ufunguliwe wa kwanza ukiwa umeshafungwa. Afisa kilimo, mama mmoja mcheshi, akapitisha kidole kwenye kila ungio.

"Fundi, hapa hata uvumi haupiti."

"Uvumi wa mtaa huu? Huo utapita tu."

Mama akacheka. "Haya, sasa nikaone michungwa yako." Fundi akajifanya hajasikia, akaanza kukusanya vifaa.

Jioni alikula chungwa uani. Lilikuwa dogo, limepinda upande, kama yote ya miti iliyougua.

"Tamu," akasema.

"Mbona umekunja uso?" binti akauliza. "Baba, mchana unawafungia wadudu milango, jioni unawafuga hapa nyumbani. Majirani wataleta miche mipya, yetu iiambukize."

"Mama yako alishaondoka mara moja. Mnataka nimng'oe tena?"

 Kesho yake binti alimfuata afisa kilimo, akamweleza yote.

Yule mama alikuja bila msumeno wala haraka, akakaa juu ya sanduku la vifaa. "Pole, baba. Mpaka jana sikujua michungwa hii ni ya marehemu mkeo. Sikiliza. Ugonjwa unatembea ndani ya mti, lakini ncha ya chipukizi, ile changa kabisa, ndogo kuliko kichwa cha sindano, mara nyingi huwa haijafikiwa. Maabara wanaikata na kuipandikiza kwenye mche mchanga ndani ya chupa. Ikishika, unapata mchungwa uleule, mzima. Ila sikuahidi. Nyingi hufa."

"Basi tusubiri ishike, ndipo ning'oe."

"Miche ya majirani haiwezi kusubiri."

 Fundi aligeuka kuitazama michungwa, kisha akasema, "Chukueni machipukizi. Miti nitang'oa mwenyewe, asiniguse mtu."

Aling'oa peke yake, shina baada ya shina, na binti akawa anamletea maji. Ua ulipobaki mtupu, jua lilipiga mpaka jikoni, mahali ambapo halikuwahi kufika.

Habari za maabara zilikuwa mbaya, kisha mbaya zaidi. Ncha zilikauka karibu zote. Fundi akaacha kuuliza. Siku moja afisa kilimo akamwita kwenye nyumba ya wavu, akamwonyesha kijiti chenye majani manne. Kilikuwa kimeshapimwa, hakina ugonjwa.

"Mche huu hautoki humu, baba. Ndio mama wa miche yote itakayofuata. Wa kwanza ukiwa tayari, ni wako. Niandike ni aina gani?"

Fundi alilitaja jina la mkewe. Tangu mazishini lilikuwa halijamtoka mdomoni, na alilitamka chini chini, ikabidi alirudie.

Mche wake ulikua, ukazaa. Chungwa la kwanza waligawana na binti, naye alipoonja akasema, "Ule ukali upo." Majirani nao wakaupenda. Fundi akiwa kitaluni, inakouzwa miche hiyo, kutengeneza bawaba, humsikia mteja akiagiza miche mitatu ya jina lile, kwa sauti kubwa, kama anamwita mtu. Huacha kugonga kidogo, kisha huendelea.