Uvimbe Chini ya Kitambaa cha Cucu

Ugoro uliolowa mate hunuka kama samadi iliyochacha, na nyumba yetu ya Landless, Thika, ilinuka hivyo kuanzia alfajiri. Cucu, mamake mama, aliubana mdomoni kutwa nzima na kutema kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Kuliosha kopo lile ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na miaka tisa. Nililishika kwa vidole viwili, pua nimeiziba, na yale mate meusi yakivutika kama mlenda, nilitapika papo hapo mferejini. Cucu alicheka tu. "Ukipenda boga, penda na ua lake," aliniambia. Nilimpenda, jamani, lakini ua lile lilinishinda.

Mwaka huo, kabla ya mvua ndefu, alitokwa na kidonda pembeni mwa ulimi, kidogo kama punje ya mtama. Hospitalini wakakikata. Daktari akamwambia mama kwamba ilikuwa saratani, lakini ni kidogo, imetoka yote, na shingo haina kitu. Tukachinja kuku. Kidogo! Na Cucu, ee Ngai, Mungu wangu, alirudia ugoro hata kabla kidonda hakijapona.

Kwa kuwa bega lake lilikuwa bovu, mimi ndiye niliyemfunga kitambaa cha kanisani, fundo chini ya kidevu. Jumapili moja vidole vyangu viligusa kitu kigumu chini ya taya, kama harage, kisichosogea. Nikauondoa mkono upesi na kuupangusa kwenye gauni. Nilidhani ni ugoro aliomeza, umegandamana hapo. Yaani nilisikia kinyaa, basi. Sikumwambia mtu. Jumapili zilizofuata nililegeza fundo ili nisikiguse tena. Mama alipokuja kukiona kilikuwa kama yai, na daktari alitikisa kichwa tu. Krismasi haikumkuta Cucu. Wahenga husema majuto ni mjukuu, lakini mjukuu huyu alikuwapo mapema, akanyamaza.

Siku hizi naishi Ruiru na kazi yangu ni ya maabara. Nakata vipande vyembamba vya ndimi za watu na kuvitia rangi ili protini zionekane. Saratani mbili ndogo hufanana kwenye hadubini kama punje za mchele wa gunia moja, kumbe moja itatulia na nyingine imeshaanza safari ya shingoni. Tunatafuta protini zitakazoisaliti hiyo ya safari kabla shingo haijavimba. Mara zinasema kweli, mara zinatudanganya, na peke yazo bado hazitoshi kumwamulia mgonjwa matibabu. Nikitoka hapo napita dukani Mwiki, nakuta vipakiti vya tumbaku vyenye harufu ya minti vimening'inizwa kando ya peremende za watoto. Ptu!

Mama naye sasa anabana ugoro. Kila Jumapili naenda Landless, nampapasa shingo kabla ya chai, naye hunung'unika kwamba namtekenya. Juzi alinitazama sana.

"Si wewe ndiye ulikuwa unamfunga Cucu kitambaa? Hukuwahi kusikia kitu hapo?"

"Hapana, mum."

"Haya," akasema, akatema.

Nikalichukua kopo lake nikaenda kuliosha, kwa mikono miwili. Mate hayanitapishi tena. Kinachonitapisha ni ile hapana.