Mguu Uliooga Peke Yake

Harufu ya kafuri hunirudisha kwetu Kibirizi, kando ya ziwa, haraka kuliko hata harufu ya dagaa. Dagaa walikuwa wa kila mtu; kafuri ilikuwa ya nyumbani kwetu tu, tangu kiangazi kile baba mkubwa aliporudi kutoka Nairobi na sanduku la bati, chupa za dawa ya kuchua yenye kafuri, na habari za farasi ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaona. Aliondoka kijana, akaanza kwa kuzoa kinyesi kwenye mazizi ya farasi wa mashindano, na miaka ilipopita akawa mwalimu wao. Yeye ndiye aliyeamua farasi yupi ale nini, akimbie lini na apumzike lini. Kwa mama, aliyeshinda juani akianika dagaa, hiyo haikuwa kazi. "Yaani shemeji, umezeeka ukifundisha punda kukimbia?" alimtania. Baba mkubwa akajibu bila kucheka, "Kukimbia wanajua wenyewe. Mimi niliwafundisha kungoja."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na shuleni hakuna msichana aliyenishinda mbio. Kwa kuwa hakuwa na farasi, baba mkubwa alinichukua mimi. Kila asubuhi nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, kisha akachuchumaa na kupitisha kiganja chake kwenye miguu yangu, kutoka goti hadi kifundo, polepole, akitafuta joto. Alisema mnyama hana mdomo wa kusema, lakini mguu unaotaka kuvunjika huanza kwa kupata joto. Majirani walidhani ananiagua. Akiridhika, ndipo tulipokwenda ufukweni nikakimbia mchangani huku yeye akinitazama tu.

Wiki ya kuchagua timu ya mkoa, muundi wa mguu wangu wa kulia ulianza kuuma. Watakaochaguliwa wangepanda treni hadi Dodoma, nami treni nilikuwa nikiisikia tu ikipiga honi. Nikanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani huikumbuka methali akiwa na treni kichwani? Asubuhi ya mashindano niliwahi ziwani, nikautumbukiza mguu ule majini mpaka ukafa ganzi, nikaufuta vizuri na kurudi nyumbani nimejaa ujanja. Baba mkubwa akagusa wa kulia, akagusa wa kushoto, akarudi tena wa kulia. "Huu umeoga," alisema. "Mwenzake ameamka na vumbi lake. Kwa nini?" Njia ya mwongo ni fupi, yangu haikufika hata mlangoni. Akaenda kwa mwalimu wa michezo wa shuleni, jina langu likafutwa.

Nilimchukia, tena sana. Siku nane nilimpita kibarazani bila kumwamkia, utovu wa adabu ambao kwetu ungeweza kuniletea fimbo. Yeye kila asubuhi aliitika, "Marahaba," kana kwamba nimesema. Siku ya tisa alinisimulia habari za farasi jike mwekundu. Alikuwa amelisikia joto mguuni mwake, lakini mwenye farasi alitaka akimbie, naye akanyamaza. Farasi yule alivunjika kwenye kona, mbele ya watu. "Mimi ndiye niliyejua," alisema, kisha akaifunga chupa ya dawa. Asubuhi iliyofuata nilimpa shikamoo.

Baba mkubwa alishafariki. Mimi nafundisha michezo Mwandiga, na wanafunzi wangu wana viatu vya mbio ambavyo sisi hatukuviota. Kama mguu wangu ungevunjika siku ile, sijui, wala sitajua; na treni ile bado inaniuma kidogo. Juzi, siku ya uchaguzi wa timu, nilipitisha kiganja kwenye miguu ya msichana wangu mwenye mbio kuliko wote, nikaikuta ya baridi, yote miwili. Watoto wa siku hizi wameerevuka kuliko sisi. Nikamwambia aruke kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, nikimtazama usoni. Alipofika kwenye wa kushoto alifumba macho. Nikalifuta jina lake.

Leo asubuhi amenipita getini amenuna, midomo ameibana, shikamoo hakuna.

"Marahaba," nikamwitikia.