Kiapo cha Gurudumu la Idi

Mimi sina mtoto, na kwa sababu hiyo nina maoni mengi kuhusu namna watu wanavyolea wa kwao. Dadangu hunikumbusha jambo hili kila nikifungua kinywa. Nami humjibu kwamba asiye na wa kumkimbiza ndiye mwenye nafasi ya kutazama.

Idi ndogo iliyopita nilitazama sana. Jamaa mmoja wa bara alileta gurudumu la kupandisha watoto, lile lenye viti vya kuning'inia linalowapeleka juu na kuwarudisha chini. Liliteremshwa gatini vipande vipande, likapakiwa juu ya punda, na mwezi ulipoandama lilikuwa limeshasimama uwanjani nyuma ya mji, refu kuliko nyumba ya ghorofa mbili. Halikuwa na injini. Lilikuwa na mkono wa chuma ubavuni, na mwenyewe akiuzungusha kwa nguvu zake huku jasho likimtiririka. Akiulegeza, viti vinapunguza mwendo. Akiukaza, vinasimama hapo hapo. Nalieleza hili mapema kwa sababu ndilo linalonihukumu.

Siku ya Idi, baada ya alasiri, mji mzima ulikuwa pale. Watoto wa Amu, yaani Lamu yetu, wanaoruka kichwa mbele kutoka gatini, na maji yamejaa, walifika mbele ya lile dude la chuma wakashika kanzu za baba zao wasiachie. Wakubwa wakaona ajabu. Mtu haogopi bahari, ataogopaje kiti? Hakuna aliyefikiri kwamba bahari wameijua tangu hawajaota meno, na lile dude walikuwa hawajalijua hata wiki moja.

Kulikuwa na baba mmoja, jirani yetu, kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alimnyanyua mwanawe kwa makwapa na kumwambia kwamba mwanamume halii. Mtoto akalia. Akamtia kitini, akafunga mnyororo, kisha akatugeukia sisi watazamaji akicheka, kama mtu aliyemaliza kazi na anangoja asifiwe. Mtoto aliposhuka alikuwa amejikojolea. Jirani akaanza kumgombeza kwa sababu ya kanzu, tena kwa sauti, ili asiyeona aone.

Alikuwapo na mgeni wa Nairobi aliyefikia Shela, amepiga magoti mchangani mbele ya binti yake, akimuuliza kwa Kiingereza hofu yake ameihisi sehemu gani ya mwili. Aliuliza kwa upole, akauliza tena, foleni ikapita pembeni yake. Mtoto mwishowe akasema anataka barafu ya ukwaju. Baba mtu akaonekana kuumia kwamba hofu yenyewe ilikuwa ndogo kiasi hicho.

Na nyuma yangu bibi mmoja alikuwa akiwashauri kina mama kwamba mtoto mwoga ni mtoto aliyeshtuliwa na kitu, aandikiwe kombe, anywe maji ya zafarani yenye aya, atatulia. Kombe naliheshimu, nimelinywa mwenyewe. Sijui tu kwa nini aya zisumbuliwe kwa kazi ambayo mtu mwenye akili angeimaliza kwa kumwambia mtoto basi, twende nyumbani.

Nilisimama pale nikiwadharau mmoja mmoja, na nakiri kwamba nilikuwa nafurahi.

Mimi nilikuwa na mpwa wangu, mtoto wa dadangu huyo huyo, wa miaka saba. Babake yuko kazini Mombasa na Idi hiyo hakupata ruhusa, kwa hiyo nilikabidhiwa mimi. Alikuwa ameingia foleni mara tatu na kutoka mara tatu. Binamu zake walishapanda na kushuka, wakaanza kumcheka kwa jina ambalo sitalirudia. Alitaka kupanda na hakutaka, vyote viwili kwa pamoja, na hapo ndipo mtu mzima anapohitajika. Nilikuwa nimemwahidi dadangu asubuhi kwamba mtoto wake atapanda bila chozi, kwa sababu atakuwa na mtu anayejua la kufanya.

Njia yangu, nilivyojisifia, ilikuwa kumwambia kweli. Nilimpeleka kando, nikamwonyesha nguzo, nati, minyororo. Nikamweleza kwamba tumbo litapanda viti vikianza kushuka, na kwamba hali hiyo hupita. Akasikiliza vizuri. Kisha akauliza swali ambalo hakuna baba yeyote pale aliyeulizwa, kwa kuwa hakuna aliyetoa nafasi.

"Na nikitaka kushuka?"

Nikamwambia nitasimama karibu na mwenye gurudumu, na kwamba yeye anyanyue mkono tu.

"Waapa?"

"Wallahi," nikasema. "Ukinyanyua mkono, nalisimamisha."

Sisi watu wa Amu tunaapa kama tunavyopiga chafya. Samaki ni wa leo, wallahi. Nakuja sasa hivi, wallahi, na mtu bado yuko kitandani. Yeye hakuwa bado na tabia hiyo. Mwalimu wao wa chuoni, kule wanakosoma Kurani, alikuwa amewafundisha mlango wa viapo kabla ya Ramadhani, na neno lile aliliingiza kichwani kama lilivyo. Akapanda peke yake. Hakushikwa mkono.

Mzunguko wa kwanza alitazama mbele tu. Wa pili, alipofika juu kabisa, mkono ulinyanyuka. Niliuona. Kiti kikashuka, akapita mbele yangu karibu kiasi cha kumgusa, akasema bila kupiga kelele, "Mjomba, nataka kushuka."

Mwenye gurudumu alinitazama. Alikuwa amesikia na alikuwa anangoja neno langu. Lakini ubavuni pangu alikuwa amesimama yule jirani wa kanzu ya mikunjo, yule ambaye nusu saa nzima nilikuwa namdharau, naye akasema, "Muate azowee, Bwana."

Nikamwacha. Ningependa kusema nilisita au kwamba sikusikia vizuri. Nilisikia. Nilifikiria namna watakavyonitazama nikilisimamisha gurudumu lote, na watoto wa watu wengine juu, kwa sababu ya mmoja wangu. Nilifikiria binamu zake wakicheka na mimi nikiwa pale. Akapita mara ya tatu, mkono bado juu. Mara ya nne pia. Mara ya tano mkono ulikuwa umeshuka na amenyamaza, na mimi nikamgeukia jirani nikamwambia, "Mwaona?"

Hilo neno linanichoma mpaka leo kuliko kiapo chenyewe. Nililisema kwa majivuno, kwa mtu niliyemwona mpumbavu, nikitaka anisifu.

Gurudumu liliposimama nilinyoosha mkono kumsaidia. Aliupita, akashika mkono wa mama mmoja asiyemjua aliyekuwa anamshusha mwanawe. Hakulia, hivyo ahadi yangu kwa dadangu ilitimia barabara. Alitembea mbele yangu mpaka nyumbani, na binamu zake wakamwita shujaa njia nzima.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye baraza yetu nikinywa kahawa, akaja akasimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama wanavyosimama wakisoma mbele ya mwalimu.

"Mjomba, una kafara," akasema. "Umevunda kiapo."

Nilitaka kucheka. Nikaona uso wake nikaacha. Nilikwenda kwa mwalimu wake baada ya adhuhuri, nikamweleza jambo zima isipokuwa sehemu ya jirani. Akaniambia mtoto ana haki: kafara ipo. Kwa mwenye uwezo ni kulisha masikini kumi, kila mmoja kibaba cha chakula. Asiye na uwezo ndiye anayefunga siku tatu. Akanitazama kwa miwani yake na kusema mimi uwezo ninao. Alikuwa anajizuia kutabasamu, na sikumpenda.

Nikanunua mchele siku ile ile, nikampa dadangu, yeye akaugawa kwa anaowajua. Nikarudi kwa mpwa wangu nikamwambia nimemaliza. Nilitarajia nini, sijui. Labda anipe mkono.

"Mtele watoka dukani," akasema, "na aliyepeleka ni mama. Weye umefanya nini?"

Kwa kitabu, nilikuwa nimemalizana na Mungu. Kwake nilikuwa sijaanza. Nikamwambia nitafunga pia zile siku tatu, ingawa silazimiki. Akasema tutaona, neno ambalo dadangu huniambia mimi, na akaingia ndani.

Nikafunga. Majirani wakadhani nafunga zile sita za Shawali, wakanipa heko, na yule wa kanzu akasema mashallah, watu wengine wana moyo. Sikuwasahihisha. Ilikuwa joto, kukosa kahawa kulininyima raha mpaka kichwa kikauma, na kila jioni nilikula peke yangu nikijiona mpumbavu. Nilijua nani wa kulaumu, na kwa mara ya kwanza tangu Idi hakuwa mtu mwingine.

Siku ya tatu, magharibi ilipoadhiniwa, alikuja yeye. Amebeba sahani iliyofunikwa kawa, tende na mkate wa mofa, kutoka kwa mamake. Hakuiweka chini.

"Umefunga yeo?"

"Nimefunga leo," nikasema, "wallah..."

"Usiape," akasema. "Toa ulimi."

Ndivyo watoto wanavyokaguana mwezi wa Ramadhani, kumjua nani amefunga kweli na nani amekula chooni kwa siri. Mwenye saumu ulimi wake huwa mweupe. Mimi nina miaka hamsini na mbili. Nikautoa. Akanishika kidevu, akanigeuza upande wa taa ya mlangoni, akautazama bila haraka.

"Mweupe," akasema, ndipo akanipa sahani. Kabla ya Idi, neno langu lingemtosha.